Bi Subiri Kidogo, Aliyesoma Tanzia Yake Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mama yetu, asanteni. Kabla sijaanza, naomba simu zote ziingie mifukoni na mikobani. Hilo ni agizo la marehemu. Alikataa mazishi yake yarushwe mtandaoni, akakataa na picha za jeneza. Najua pia kwamba tangu juzi mnaulizana chinichini, na wengine si chinichini sana, kwa nini kitinda mimba wake hayupo hapa. Yupo aliyesema jikoni kwetu, akidhani maji ya bomba yanamfunika sauti, kwamba mtoto wa kiume asiyemzika mamake ni hasara tupu. Wasifu huu utamjibu. Nimeomba niusome mimi, mtoto wake wa kwanza, kwa sababu yaliyotokea yalitokea mbele yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha nguo, akiwa mtoto wa nne wa msimamizi wa zamu na mkewe mshonaji. Kuta za nyumba zile zilikuwa nyembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya, wao ndio waliomwombea afya. Humo ndimo alimojifunza mambo mawili yaliyomfaa maisha yake yote: kusikia kila kitu na kutosimulia chochote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, kisha akachaguliwa kuingia shule ya bweni ya wasichana, alikosoma kuanzia 1964 hadi 1967. Hakuwa wa kwanza darasani, na hakupenda watu waliodai kwenye sherehe zake kwamba alikuwa wa kwanza. Alichokuwa nacho ni sauti. Mlezi wa bweni alimpa kazi ya kusoma matangazo bwaloni kwa sababu wasichana mia mbili wenye njaa walinyamaza akianza kusema. Mwaka 1968 alipelekwa kusomea kazi ya simu, na Januari 1969 akaajiriwa katika chumba cha simu za mbali, ghorofa ya tatu ya jengo la posta.

Vijana mliopo hapa hamkukiona chumba kile. Wanawake walikaa mstari mmoja, visikilizio masikioni, mbele ya mbao zenye matundu na waya. Mtu akitaka kuzungumza na mji mwingine, alimpigia mmoja wao, naye akachomeka waya huu hapa na ule pale hadi watu wawili wakasikizana. Maneno aliyoyatamka mara nyingi kuliko yote duniani ni "subiri kidogo, nakuunganisha", na kwa hayo wenzake wakambandika jina la Bi Subiri Kidogo. Hata mimi nilipozaliwa kwa kuchelewa, inasemekana mkunga alitaniwa kwamba mtoto amewekwa kwenye foleni.

Katika kazi ile alijiwekea kanuni mbili ambazo hakuna mkubwa wa kazi aliyemwamuru. Ya kwanza ni kwamba ujumbe haujafika mpaka aliyepewa aurudie. Alikuwa akisema, "Rudia," nawe unarudia neno kwa neno, hata kama umetumwa chumvi. Ya pili ilihusu habari za msiba. Mpigaji alipomweleza kwamba anapeleka taarifa ya kifo, marehemu hakuunganisha papo hapo. Kwanza alizungumza na yule wa upande wa pili. "Umekaa? Kaa kwanza. Kuna mtu hapo karibu nawe?" Akishasikia kiti kimevutwa na mtu wa pili amesogea, ndipo alipochomeka waya. Aliniambia mara nyingi kwamba habari ya kifo ni mzigo, na mzigo haurushwi, unakabidhiwa.

Kati ya watu waliotumia laini zile alikuwepo fundi mmoja wa nguzo. Kazi yake ilikuwa kupanda, kutengeneza waya, kisha kupiga chumba cha simu kuuliza kama anasikika. Katika mwaka 1972 fundi huyu alianza kujaribu laini ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

"Haloo, unanisikia?"

"Nakusikia vizuri. Hata jana nilikusikia vizuri."

"Nilitaka kuhakikisha."

"Shuka kwenye nguzo, kaka. Ukija hapa chini utasikika zaidi."

Alishuka. Walifunga ndoa tarehe 5 Mei 1973, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa mwaka 1984. Baba yetu alitutangulia mwaka 2011. Tangu hapo marehemu hakutaka mtu yeyote akalie upande wake wa kochi, ingawa upande huo ndio pekee uliokuwa unaona televisheni vizuri.

Mwaka 1983 alihamia hospitali kuu kuwa mpokeaji wa simu, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2004. Alistaafu wiki ileile hospitali ilipoweka mashine ya kupokea simu. Yeye mwenyewe alialikwa kuisikiliza kabla haijaanza kazi. Mashine ilimwambia kwamba simu yake ni ya muhimu sana kwao, kisha ikampigia muziki. Aliisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, akamuuliza mkuu wa utawala, "Kama ni ya muhimu, mbona hampokei?" Tangu siku hiyo kila aliyempigia marehemu nyumbani alijibiwa kabla mlio wa pili haujaisha. Aliihesabu hiyo kuwa ndiyo hoja yake, nami sijaona mhandisi aliyeipangua.

Wapo waliomwona mama yetu kuwa adui wa maendeleo. Naomba nilikatae hilo waziwazi. Huyu ni mwanamke aliyeshika waya wa umeme mdogo mikononi kwa miaka thelathini na mitano. Teknolojia aliijua kabla ya wengi wenu kujua kufunga viatu. Alichokipinga ni mtu kujificha nyuma yake. Hakuweza kuelewa kwa nini televisheni moja ihitaji rimoti tatu, na kwa nini zote tatu zipotee siku ya taarifa ya habari. Hakuelewa kwa nini neno la siri alilochagua mwenyewe, analolikumbuka, likataliwe kwa kuwa ni dhaifu. "Dhaifu kwa nani?" aliuliza. "Mimi nimelitumia miaka sita halijanisaliti." Kwa matangazo ya kubahatisha matokeo ya mpira alikuwa na dharau isiyo na kifani, hasa yalipokatiza maombi redioni. Na wale vijana wanaojirekodi wakianguka kwa makusudi ili watu wacheke, aliwahurumia. Alisema zamani mtu alianguka kwa bahati mbaya tu na bado watu walicheka.

Hata hivyo alikuwa mpenzi mkubwa wa tamthilia zile za kigeni zilizotafsiriwa, ambazo midomo ya watu hufumbwa na maneno yanaendelea. Alizungumza na wahusika. Aliwaonya. Kuna mama mkwe mmoja katika tamthilia ya saa moja jioni ambaye marehemu alimchukia kwa dhati kwa misimu minne, na nikimkuta amekasirika nilikuwa nauliza kwanza kama ni jambo la nyumbani au la kwenye televisheni.

Simu ya kisasa aliipokea mwaka 2016 kutoka kwa kitinda mimba, ambaye wakati huo alikuwa ameshaanza kazi ng'ambo kama fundi wa lifti. Kwa kazi hiyo marehemu alimwonea fahari isiyofichika. "Baba yake alipanda nguzo," alikuwa akiwaambia wageni, "yeye anapandisha watu." Lakini kundi la ukoo la kwenye simu alilitazama kwa jicho la pembeni. Alisema ni chumba cha simu kisicho na opereta, watu mia moja wote wamechomekwa kwa mpigo na hakuna wa kuwauliza kama wamekaa.

Sasa nafika kwenye ugonjwa wake, na ndipo lilipo jibu la jikoni.

Moyo wa marehemu ulianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 2023. Mwezi Februari 2024 alilazwa, na Ijumaa ya tarehe 16 alasiri akahamishwa wodi, kutoka ghorofa ya kwanza kwenda ya pili, karibu na chumba cha madaktari. Shemeji yake, mdogo wake baba yetu, ambaye kwa wepesi wake wa kupasha habari ukoo mzima unamwita Mzee wa Taarifa, alifika kumtazama akakuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa. Kwenye kitanda cha pili familia ya watu ilikuwa inamlilia mgonjwa wao. Baba mdogo hakuuliza nesi. Hakupanda ngazi. Alisimama pale mlangoni akaandika kwenye kundi la ukoo kwamba nguzo ya familia imeanguka, akaweka mishumaa mitatu na picha ya marehemu akiwa kwenye harusi ya watu, amefumba macho.

Mimi wakati huo nilikuwa nasimamia mtihani wa wanafunzi wangu, simu ikiwa imezimwa kama kanuni inavyotaka. Nilipotoka nilikuta nimepewa pole na watu ambao sijawahi kula nao. Sitaeleza nilivyofika hospitali. Nitaeleza tu kwamba nilipofika ghorofa ya pili nilimkuta marehemu ameketi kitandani, anamlalamikia nesi kuhusu sauti ya televisheni ya wodi. Alinitazama usoni, akaniomba simu yangu, akasoma. Alisoma yote, pamoja na shairi lililotumwa na binamu. Kisha akampigia shemeji yake, akaweka sauti ya nje.

"Haloo, shemeji."

"Nani mwenzangu?"

"Marehemu."

Upande wa pili kulisikika kitu kimeanguka.

"Nimeona umeniwashia mishumaa," mama akaendelea, kwa sauti ileile ya posta. "Mitatu. Mmoja ungetosha, umeme haujakatika."

"Shemeji, nilikuta kitanda kitupu."

"Ukamuuliza nani?"

"Watu walikuwa wanalia."

"Walikuwa wanamlilia wa kwao, shemeji. Na hiyo picha, mtu gani anazikwa akiwa amefumba macho hata kwenye picha? Uliikosa ile ya kitambulisho?"

Wodi nzima ilicheka, nesi akiwemo. Lakini alipokata simu hiyo mama hakuwa anacheka. Aliniuliza, "Mdogo wako amekaa?" Tukampigia. Haikuita. Tukapiga tena na tena, na kila mara mwanamke wa kwenye mashine akatuambia kwamba mteja hapatikani. Kitinda mimba alikuwa ameshaona mishumaa. Aliiona akiwa kwenye shimo la lifti, peke yake, tochi mdomoni. Aliyemwambia kwamba mama yake amekufa ni picha. Alipanda juu, akanipigia asinipate, akamweleza bosi wake, akapewa palepale likizo yake yote ya mwaka, na tulipokuwa tunampigia alikuwa angani.

Nilikasirika wakati ule na ningali nimekasirika, na sitajisingizia utulivu mbele ya jeneza. Kidole kimoja kisicho na subira kilimfanya mtoto alie safari nzima kati ya watu asiowajua.

Alifika asubuhi, akapitiliza moja kwa moja hadi hospitali kwa sababu alidhani anakwenda kuchukua mwili. Nilimpokea mlangoni, nikamkalisha, nikamwambia. Hakuniamini. Alipanda ngazi akiwa na suti nyeusi na begi mgongoni, akasimama miguuni pa kitanda.

"Suti hiyo ya nani?" mama akamuuliza.

"Yako, Mama."

"Imekukaa vizuri. Basi kaa chini, mazishi yameahirishwa."

Kilichofuata ni wiki mbili ambazo marehemu aliziita bora kuliko zote tangu baba aondoke. Aliruhusiwa kutoka hospitali siku tatu baadaye. Mwanawe alilala sebuleni, akampikia, akampeleka kliniki. Rimoti tatu alizifanya moja, jambo ambalo mama alilikubali kwa shingo upande, akisema sasa ikipotea hiyo tumekwisha. Waliangalia tamthilia pamoja na kumtukana mama mkwe kwa zamu. Na mwana aliruhusiwa kukaa upande ule wa kochi. Mimi sijawahi kuruhusiwa. Mama mwenyewe, aliyekuwa na kila sababu ya kuilaani simu ile, aliniambia jikoni, "Mashine imenikosea, lakini imeniletea mtoto. Sasa nifanyeje, nimshitaki nani?"

Siku ya mwisho ya likizo hiyo tulikaa watatu barazani, begi likiwa tayari. Mama alimwambia mwanawe maneno ambayo nayasoma kama yalivyotamkwa, kwa kuwa nimekabidhiwa.

"Mimi nitakufa, na si mbali. Siku hiyo usije. Likizo yako umeshanipa, na ukiondoka bila ruhusa watakufukuza. Mazishi yangu umeshayahudhuria."

"Mama, watu watasema."

"Watasema. Wana midomo na wana bando. Wewe ulitaka kuniona nikiwa nakuona, au nisipokuona?"

Mwanawe akauliza kama basi tungeweza kumrushia mazishi kwenye simu, ayatazame akiwa kule.

"Hapana. Mtu hamtazami mama yake akifukiwa kwenye kioo cha kiganja, halafu katikati lijitokeze tangazo la sabuni. Dada yako atakusimulia. Sasa rudia nilichokuambia."

"Sirudii, Mama."

"Rudia, mwanangu."

"Sirudii."

Kwa hesabu ya marehemu, basi, ujumbe ule haukuwa umefika. Alinigeukia mimi, akasema, "Kaa nao wewe. Siku ikifika utampa." Mwanawe alimwinamia akambusu kichwani, akaondoka.

Marehemu aliendelea na matibabu kwa miezi saba mingine, na kwa sehemu kubwa alikuwa nyumbani, kwenye kochi, akitoa maoni. Alifariki Jumanne ya tarehe 8 Oktoba 2024 saa nne asubuhi, kitandani kwake. Mkono wake mmoja ulikuwa mkononi mwangu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano. Safari hii daktari alithibitisha.

Nilimwendea baba mdogo nyumbani kwake nikamwambia kwa mdomo. Aliitazama simu yake mezani. Kisha akaizima, akachukua funguo za gari, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Wengi wenu mlimwona. Aligonga, akaingia, akawaomba mketi, akauliza ni nani mwingine yuko ndani, ndipo akasema. Alimaliza kesho yake mchana, sauti ikiwa imekauka. Wapo waliolalamika kwamba wamechelewa kujua na kwamba hawakuona kitu kwenye kundi. Hao nawaambia kwa heshima kwamba mishumaa yao iliwashwa Februari. Na kwa baba mdogo nasema hadharani, kwa kuwa na hasira yangu ilikuwa ya hadharani: mama alikusamehe siku ileile. Mimi nimekusamehe Jumanne.

Nilipotoka tu kwa baba mdogo, nilimpigia mdogo wangu.

"Umekaa?" nikamuuliza.

"Niko kwenye ngazi, Dada. Nipo kazini."

"Shuka. Kaa chini. Kuna mtu hapo karibu nawe?"

Nilisikia kwamba ameelewa. Nilisikia akishuka, vyuma vikilia chini ya viatu vyake, nikasikia akimwita mwenzake. Akakaa, nami nikamwambia. Alilia, nikamwacha alie. Kisha akasema, "Nakuja. Naacha hii kazi, nakuja."

Nikampa ujumbe wa mama, neno kwa neno, kama nilivyokabidhiwa barazani. Nikamwomba aurudie.

Mwenzake alikuwa anamsemesha kwa lugha nisiyoijua. Halafu mdogo wangu, taratibu, kwa sauti ambayo sasa natambua kwamba ni ya mama, akasema, "Siku hiyo nisije. Likizo nimeshampa. Mazishi yake nimeshayahudhuria."

Ndiyo maana hayupo. Amebaki kazini kwa kumtii mama yake, na utii huo umemgharimu kuliko ambavyo ungemgharimu ukaidi. Alimwona akiwa hai, akiwa na suti yake, wakacheka. Wangapi kati yetu tuliobaki karibu tumewahi kuwazika wazazi wetu wakiwa wanatutazama? Anayetaka kumwita hasara na amwite sasa, mbele yake marehemu, tumsikie.

Marehemu ameacha watoto wawili, mkwe mmoja, wajukuu watatu, dada mmoja aliyebaki kati ya ndugu zake sita, na shemeji ambaye leo amekuja bila simu. Mtoto wake wa pili, fundi wa lifti, yuko zamuni saa hii. Ameomba jambo moja tu, nami nalifikisha kwenu. Hatakuwa na picha wala video ya siku hii. Jioni nitampigia nimsimulie, na kesho atawapigia wengine wenu mmoja mmoja, atauliza jeneza lilikuwa la rangi gani, nani alilibeba upande wa kichwa, udongo ulikuwa mkavu au mbichi, nani alilia na nani alijilazimisha. Tafadhali tazameni vizuri, kwa macho, ili akipiga muwe na cha kumwambia.

Mama yetu apumzike kwa amani, pasipo mlio wowote wa kumshtua.